Dedan Alipong'oa Waya wa Betri

Dedan alijifunza umeme wa magari kwenye gereji za Grogan, Nairobi, na hakuna mtu huko ughaibuni, mtaani Al Thumama, aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Alikuwa dereva wa nyumba moja kubwa, mwaka wa 2013, lakini ukimwita dereva ananuna. "Mimi ni fundi," angekwambia, "hii ya kuendesha watu ni ya kupita tu." Ya kupita gani, miaka nenda miaka rudi, mimi sijui.

Cha kumsifu ni kimoja: alimpenda mamake. Mama Peninah alikuwa amelazwa Nyahururu, figo zimechoka, na daktari alishawaambia watoto waje wamwone angali hai. Tajiri wa Dedan, ambaye watumishi wote walimwita Baba, alikubali kumpa likizo. Ilibaki saini yake tu kwenye ruhusa ya kutoka nchini, maana enzi hizo bila saini ya tajiri hupiti uwanja wa ndege hata ulie machozi ya damu. Safari ilikuwa Alhamisi. Bradley wa Gilgil, dereva wa pili pale nyumbani, angeshika gari kubwa mpaka Dedan arudi.

Jumatatu, taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi ya lile gari kubwa. Mwenye akili zake angelipeleka gereji. Dedan akafungua boneti uani, injini inanguruma, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho kwa joto la Septemba, akachukua spana.

"Mkubwa, unataka kufanya nini?" Bradley akauliza.

"Napima altaneta. Naitoa betri gari likiwaka. Likizima, altaneta imekufa. Likiendelea, ni nzima."

"Lakini hili ni la kompyuta, jameni. Si tupeleke gereji?"

"Wewe umesomea umeme wapi?"

Bradley hakuwa amesomea popote, na Dedan akaung'oa waya wa betri.

Ni kweli, Grogan walipima hivyo, tena kila siku, kwa yale magari makuukuu yasiyo na cha kuungua. Lakini altaneta, ile mashine inayochaji betri, ni koili za waya wa shaba, na koili ina ukaidi wake: ukiufungia umeme njia ghafla, haikubali kutulia, volti zinaruka juu kwa kishindo. Kinachoumeza mruko huo ni betri. Na betri hiyo ndiyo Dedan aliyoing'olea waya.

Gari likaendelea kunguruma. "Umeona?" Akacheka. Hakumaliza kucheka. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, injini ikakohoa, ikazima, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ndani. Akarudisha waya, akawasha. Wapi!

Fundi wa gereji alimweleza Baba waziwazi: mtu ameng'oa betri injini ikiwaka, na umeme uliozidi umeua kompyuta. Altaneta yenyewe haikuwa na kosa, mkanda wake tu ulikuwa umelegea. Baba akarudi uani amevimba kwa hasira.

"Nani amefanya hivi?"

Hapo ndipo Dedan alipaswa kufungua kinywa. Alikifungua, ndiyo. "Bradley," alisema, kwa Kiarabu alichokuwa amekizoea. "Nilimkataza, hakusikia."

Bradley hakujua Kiarabu, lakini jina lake alilisikia. "Si mimi, Baba! Muulize Dedan!" akalia, akimwonyesha Dedan kwa kidole.

Baba akamuuliza Dedan tena. Dedan akarudia jina lile lile, macho kwenye viatu vyake.

"Khalas, yameisha," Baba akasema. "Alhamisi anarudi kwao."

Ndege ile ile ya Dedan.

Jumatano asubuhi Dedan, amenyoa ndevu safi, alipeleka ruhusa yake itiwe saini. Baba alimshangaa.

"Uende wapi? Sasa nina dereva mmoja. Watoto wataendaje shule?"

"Baba, mama yangu anakufa."

"Nimebaki na wewe tu ninayekuamini. Nikipata mwingine, utaenda."

Na hapa ndipo ninapomchukia Dedan kabisa. Neno moja la kweli lingempandisha ndege kesho yake, maana aliyeua kompyuta ndiye aliyekuwa anafukuzwa. Angepoteza kazi, angemwona mama. Alilipima neno hilo, akalimeza. Akasema, "Sawa, Baba."

Kisha akaenda chumbani, akamkuta Bradley anakunja nguo. Alikuwa na shali ya sufu mkononi. "Nyahururu si mbali sana na kwenu," akasema. "Mfikishie mama."

Bradley akaacha kukunja. "Kweli wewe huna haya." Akaipokea, akaiweka juu ya nguo zake.

Wiki chache zilipita. Dedan alikuwa ameegesha mbele ya duka mtaani Al Mansoura, anamngoja madamu, mke wa Baba, simu ikalia. Alikuwa Bradley.

"Pole. Mama tumemzika leo. Nilishika sepetu mahali pako."

Dedan alilia pale pale kwenye usukani, bila kujali nani anamwona.

"Shali aliifurahia sana," Bradley akaendelea. "Nilienda kumwona mara kwa mara. Aliniuliza unakuja lini, nikamwambia umenyimwa ruhusa, dereva umebaki wewe tu. Akaniuliza, yule mwingine alienda wapi?"

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli."

"Bradley! Akasema nini?"

"Aliivua shali, akanirudishia. Ninayo hapa."

Madamu akagonga kioo. Dedan akafuta uso kwa mkono wa shati, akawasha gari, akamrudisha nyumbani.