Karani wa Mpakani

Karani wa mpakani hakuwahi kumfokea mtu. Sauti yake ilikuwa laini, na vidole vyake vinono havikuchoka kuupangusa muhuri hata ukiwa safi. Asiyempa ya chai aliambiwa tu, "Kaa pale kwanza," kisha akasahauliwa.

Siku moja alikaa pale mama aliyekuwa akimvusha mwanawe mgonjwa kwenda hospitali ya ng'ambo. Kila mara alisimama. "Baba, mtoto anachemka."

"Nimekusikia, mama. Kaa kwanza."

Kufika mchana hakusimama tena. Alimfunika mtoto uso kwa kanga. Karani akainuka, akagonga muhuri upesi, akampelekea pasi kwa mikono miwili.

"Pita, mama. Usitoe kitu."

"Niende wapi tena, baba?"

Karani akabaki amemnyooshea ile pasi, na foleni nzima haikusogea.