Linux Ilipofungua Vitabu Vyangu Mbele ya Mama Mkwe

Jumamosi, hapa Eldoret, nilitaka kuonyesha kikundi chetu cha wasomaji kwamba kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, badala ya Windows, inaweza kufungua kifaa changu cha kusomea vitabu, ingawa kampuni iliyokiunda ilitoa programu ya kukifungua kwenye Windows pekee. Nyumbani ilikuwa imekataa mara mbili, kwa hivyo nilichomeka waya polepole.

Orodha ya vitabu vyangu ikatokea ukutani kupitia projekta. Watu wakacheka. Mimi nikadhani wamefurahi.

“Mnaona? Hakuna kinachofichwa!” nikasema, nikazidi kuikuza.

Mama mkwe wangu, aliyeketi mbele, akavaa miwani na kusoma kwa sauti: “Kuishi na Mama Mkwe Msumbufu, Kitabu cha Pili.”

Kisha akanigeukia. “Cha kwanza ulimaliza?”