Aliyenifundisha Kusema Mimi ni Mzima

Nilipoambiwa nina ugonjwa wa sukari, mtu wa kwanza kumweleza alikuwa jirani yangu wa kempini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, aliyeongoza maombi yetu ya akina mama kila Jumatano. Tulitoka upande wa ziwa mwaka mmoja, tukachuma majani ya chai kwenye mistari iliyopakana, na mama yangu alipofariki ni yeye aliyenipikia siku tatu.

Aliniziba mdomo kwa kiganja. "Usiseme una sukari, dada. Ukiitamka unaikaribisha. Sema mimi ni mzima, na ufikirie uzima tu."

Nilimwamini. Na kusema kweli maneno yale yalinisaidia. Niliamka na nguvu, nikaacha kulalamika, hata msimamizi akashangaa jinsi kikapu changu kilivyojaa. Kwa hivyo aliponiambia kumeza dawa ni kuukiri ugonjwa, nilizificha tembe nilizopewa hospitalini ndani ya sanduku la nguo.

Miezi ikapita. Jicho la kushoto likaanza kuona ukungu hata jua likiwaka. Nikawa nachuma majani magumu pamoja na machanga, nikagombezwa mbele ya wenzangu. Yeye akanishika mkono: "Usiyumbe. Ni mtihani tu."

Mwishowe nilienda kliniki ya sukari mjini bila kumwambia mtu. Nikamkuta jirani yangu kwenye benchi la mbele. Kadi yake ilikuwa imechakaa, kurasa zimejaa mihuri. Muuguzi alimsalimia kama mtu wa nyumbani: "Mama, leo umechelewa. Dawa bado ziko?"

Nilisimama mbele yake. "Tangu lini?"

"Miaka sita," alisema kwa sauti ya chini. "Ningewaambia akina mama, nani angenisikiliza nikiwatia moyo?"

"Na mimi je?"

Aliifunga kadi yake, akaenda dirisha la dawa.

Daktari alisema jicho lile halitaona tena, ila la kulia lingeokolewa kwa dawa. Kilichoniliza zaidi ni kukumbuka kwamba kila aliponishika mkono, yeye alikuwa amemeza zake asubuhi.

Jumatano niliwaeleza akina mama wote, naye akiwepo. Hakukana. Waliyemkasirikia ni mimi, eti naleta giza kwenye maombi. Sijarudi pale. Kila asubuhi bado najiambia kutakuwa kwema, kisha nameza tembe zangu.

Juzi mmoja wa akina mama wale alinifuata katikati ya michai, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akaniuliza kliniki huwa siku gani.