Mkaja wa Siwema

Nyumbani kwa Mwanamkuu binti Mwinjuma, kule Vihingo, kila kitu kilitundikwa chini. Ungo ulining'inia usawa wa kiuno, kata ya maji usawa wa goti, na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa chini kiasi kwamba kuku walipita wakigusa pindo za kanga kwa vichwa. Mgeni akiingia mara ya kwanza hucheka.

"Jamani, hii nyumba wanakaa watoto peke yao?"

Mwanamkuu naye hucheka, lakini mkono wake mmoja huwa umeshika tumbo. Hakuwa mfupi. Alikuwa hawezi kujinyoosha.

Mwaka wa thelathini na nane, enzi za Mwingereza, alipokuwa na mimba ya Siwema, uchungu ulimshika siku tatu. Wakambeba kwa machela mpaka barabarani, akapakiwa kwenye lori la mkaa, na huko mjini akapasuliwa, kuanzia kitovuni kwenda chini. Mtoto akatoka mzima. Yeye pia mzima, ndivyo walivyosema watu wote. Hospitali wakamlaza chali wiki mbili. Aliporudi nyumbani, mama yake, Bi Swaumu, akamfunga mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo la mzazi, akamlaza chali tena mpaka arobaini ikatimia na kupita.

"Usigeuke, mwanangu. Umeshonwa kwa uzi, hukushonwa kwa chuma."

Alilishwa kwa mkono. Hata nzi wa usoni alifukuziwa. Hakuna mtu aliyepata kumpenda Mwanamkuu kama mama yake alivyompenda siku zile.

Alipokuja kusimama, kitu kikamvuta kwa ndani. "Nimelala sana, nimechoka," akasema, akaona aibu kulalamika. Kovu la nje likakauka, likawa jembamba kama ukili wa mkeka. La ndani halikuonekana. Akiinua mkono juu, ni kama mtu anavuta kamba iliyofungwa kwenye utumbo wake. Akila kisamvu kingi au mahindi ya kuchoma, tumbo linajaa, hakipiti kitu, anatapika nyongo, anapiga magoti siku nzima mpaka lifunguke lenyewe. Mtoto wa pili hakuja. Mumewe Kitwana alisubiri miaka sita, akampa talaka bila ugomvi, akahamia Mkuza, akaoa huko, akapata wanne. Mwanamkuu hakumlaumu. Alikuwa na Siwema.

Siwema alipoolewa na Shomari, mahari yakaja pamoja na mkaja wa mama, maana ndiyo desturi, mama apewe chake kwa tumbo lililombeba binti. Shomari alileta kitambaa chenyewe, marekani mpya, nyeupe. Mwanamkuu akaikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku.

"Mbona huufungi, shoga?" wenzake wakamwuliza.

"Nifunge nini? Tumbo langu limeshajifunga lenyewe."

Wakacheka mpaka wakapigana mabega.

Mwaka ule ule akaenda mjini kutazamwa. Daktari akambonyeza kovu, akasema Kizungu kirefu. Aliyemfasiria ni msaidizi wake, Bartolomeo, kijana wa Kibaha mwenye sauti ya upole.

"Mama, humo ndani matumbo yameshikana. Umeona uji ukipoa unavyoshika sufuria? Ndivyo hivyo. Yameshika kovu, yameshika na kizazi."

"Si mnibandue?"

"Tukikukata tukabandua, tunaacha kidonda kipya, nacho kitashika tena. Daktari anasema tukuache hivi hivi, mpaka siku hakipiti kitu kabisa."

"Na siku hiyo?"

Bartolomeo akatazama karatasi yake.

"Ni kwa sababu nililala sana?" akauliza Mwanamkuu.

"Zamani hata sisi tuliwalaza, mama. Siku hizi tunawaamsha, siku ya pili mtu anatembea. Wapo wanaotembea na bado wanashikana. Lakini heri atembee."

Heri atembee. Alirudi na maneno hayo Vihingo kama mtu aliyefungiwa dawa kwenye karatasi. Lakini hakumwambia Bi Swaumu. Angemwambiaje?

Siwema akapata mimba, akaja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Uchungu ukakaa siku tatu. Lori tena, mjini tena, kisu tena. Mtoto wa kiume. Siku ya pili wauguzi wakamwinua Siwema, akalia, lakini akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Mwanamkuu alikuwa amekaa sakafuni akihesabu hatua. Tisa kwenda, tisa kurudi. Usiku ule alilala usingizi wa kweli.

Siku ya nne akafika Bi Swaumu. Mkaja lazima ufungwe nyumbani, kabla ya siku ya saba. Shomari alimwogopa bibi huyu kuliko daktari, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kumtoa, wakamrudisha mgonjwa wao Vihingo.

"Mke mwenzangu," Bi Swaumu akamwambia mjukuu wake walipomlaza kitandani, "umenizalia mume. Sasa lala utulie, usije ukaniacha peke yangu na meno haya mawili nimtafunie mtoto."

Siwema akacheka, akashika mshono.

"Mama," Mwanamkuu akasema, "hospitali wamesema atembee."

"Wamesema nani? Hao wanaotaka kitanda chao?" Bi Swaumu akageuka. "Mimi wewe nilikulaza. Uko hai, huko hai?"

 Mwanamkuu alikuwa nalo jibu. Lakini alimwona mama yake alivyozeeka, mikono ile iliyomlisha, akajua neno hilo likitoka halitarudi.

"Niko hai, mama."

"Haya. Lete mkaja."

Mwanamkuu hakwenda kwanza. Alimwinamia Siwema, akampa mkono. "Simama, mwanangu. Mpaka mlangoni tu, kama siku ile."

"Nitachanika, mama."

"Huchaniki."

"Wewe uliharakisha kusimama, nini?" Siwema akaanza kulia. "Si ndiyo maana umepinda? Sitaki kuwa kama wewe."

Bi Swaumu akaitikia kwa kichwa. Mwanamkuu akaondoa mkono. Akaenda kwenye sanduku, akatoa marekani ya Shomari kutoka chini kabisa, ingali na mikunjo yake ya dukani. Wakaizungusha tumboni. Bi Swaumu akashika ncha moja, akampa Mwanamkuu nyingine.

"Vuta," akasema Bi Swaumu.

Akavuta.

"Vuta basi, au huna nguvu?"

Akavuta tena, mpaka Siwema akafumba macho.

Arobaini ilipopita, Mwanamkuu alimsindikiza binti yake kwa Shomari. Pale kamba ya nguo ilikuwa juu, kama ya watu wote. Siwema akafua winda za mtoto, akainua moja aianike. Mkono ukafika nusu, ukasimama. Mkono wa pili ukaja tumboni wenyewe.

"Nimelala sana," akasema akicheka kidogo, "nimechoka."

 Mwanamkuu akaenda kwenye nguzo, akamwita Shomari amfungulie fundo la kamba.

"Ishushe," akamwambia.

"Mpaka wapi, mama?"

Akamwonyesha, usawa wa kiuno.