Mpiga Picha wa Mtaa wa Kongo
Mpiga picha wa udaku husimama Mtaa wa Kongo, mlangoni mwa duka la vitenge, mahali wasanii wanaposhukia. Kila mara huifuta lenzi kwa ncha ya shati, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto uso. Sauti yake ni ya chini: "Dada, tabasamu basi, usininyime riziki." Ndiye aliyelifukuza kwa pikipiki gari la binti yangu Mboni, mwigizaji, hadi likapinduka. Mwanangu Kitwana aliapa kutomgusa mpaka arobaini ya dada yake ipite. Leo tumesoma hitma, na kabla sahani hazijaoshwa Kitwana akaviringisha panga kwenye gazeti, akatoka. Nikapita njia ya mkato, nikimwomba Mungu nimtangulie, nisije nikampoteza na huyu.

"Shikamoo, mama," alinisalimia mpiga picha, akainamisha kichwa. "Pole na msiba."

"Marahaba. Ondoka hapa, baba. Kitwana anakuja na panga."

Hakugeuka kutazama barabarani. Alifungua mkoba, akatoa betri mpya, akaipachika kwenye kamera kwa utulivu.

"Anatokea upande gani, mama?"