Alama ya Kasaine Mgongoni mwa Kioo

Nzisa Kiema aliacha kushona suruali kiwandani Athi River mwaka wa 1998, akaenda kujifunza kazi ya sola kwa fundi mmoja wa Kitengela. Wateja wengi walikuwa wafugaji. Mwanzoni walishangaa kuona mwanamke juu ya mabati yao, kisha wakazoea.

Siku moja Mzee Kasaine wa Kisaju alimwita. Paneli aliyomfungia ilikuwa imezima, si taa, si redio. Ilikuwa ya kioo, aina ile ya bei nafuu, rangi ya damu ya mzee, yenye mistari myembamba kama unywele kutoka ukingo hadi ukingo.

"Sopa, mzee," Nzisa akamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Fundi, jua iko, lakini kitu yako imekataa kula."

Nzisa akapanda, akaiteremsha, akaigeuza. Mgongoni, kwenye rangi, palikuwa na mkwaruzo mrefu wa msumari sambamba na mistari ile, na mingine miwili mifupi kando. Ng'ombe wote wa boma lile walikuwa na alama hiyo ubavuni.

"Nani amechora hapa?"

"Ni mimi. Kwa jirani yangu Katoo wameiba yake. Yangu ikiibwa, nitaijua hata huko Namanga."

Nzisa akaketi kwenye ngazi, akamweleza. Nyuma ya kioo kumepakwa utando mwembamba kuliko utando wa maziwa. Kiwanda cha paneli huukata kwa mwale wa leza, ukawa vipande vilivyoshikana kama pete za mnyororo, kila kimoja kikimpokeza mwenzake umeme. Msumari ulikuwa umekata pete moja, na mnyororo mzima ukalala.

Kasaine akakiinua kioo, akakitazama sana. "Kumbe hao wa kiwandani pia walichora."

"Walichora, mzee. Ila walijua pa kupitisha."

"Utashona?"

"Hii haishoneki."

Mzee hakukasirika. Nzisa ndiye aliyerudi nyumbani na uchungu, maana hakuwa amemwonya.

Baada ya msimu wa mvua Kasaine alinunua paneli nyingine. Kabla ya kuipandisha, Nzisa alichonga alama ya boma kwa tindo kwenye fremu ya bati, mbali na utando. Tangu hapo Nzisa alimwuliza kwanza kila mteja, hadi wa Rombo, "Alama yenu ni ipi?"

Goti lake lilipokataa kupanda ngazi, alifungua duka Kitengela, akauza betri na balbu.