Pijo Lililozikwa Mtandaoni

Wenceslaus wa Ipuli, hapa Tabora, si mtu wa kununa. Lakini siku Asnath alipomsomea yaliyoandikwa juu ya gari lake, alinuna mpaka chai ikapoa mbele yake.

Gari lenyewe ni Pijo 404, la enzi zile magari yalipokuwa magari. Alilinunua ujanani, akamchukulia humo mkewe Recheli siku ya ndoa, na miaka mingi baadaye akamsindikiza humo makaburini. Binti yao wa pekee, Advera, aliolewa Dar es Salaam. Nyumba ikabaki na mzee na Pijo lake, na jioni alikuwa akilisemesha. Usicheke. Wapo wanaosemesha kuku.

Sasa sikia kisa. Mwaka juzi klachi ilimfia porini, njia ya Kaliua. Akafanya kama afanyavyo kila dereva wa huku: akakata matawi, akayatandaza barabarani mbele na nyuma ya gari, mengine akayaegemeza kwenye bampa, ili wenye mwendo wajue kuna gari bovu. Kisha akadandia lori kwenda kutafuta kifaa. Kabla hajarudi kulitengeneza, akapita mgeni mwenye pikipiki kubwa, mpenzi wa magari ya kale. Loo! Mtu wa kwetu akiona majani barabarani hukanyaga breki. Yule akatoa kamera. Picha ikaingia kwenye kamusi elezo ya magari ya kale mtandaoni, na chini yake maneno haya: "Pijo 404 la mwisho kujulikana magharibi mwa Tanzania. Limetelekezwa, pori limeanza kulimeza. Mmiliki hajulikani aliko."

"Hajulikani aliko!" Wenceslaus alifoka. "Na huyu anayekunywa chai hapa ni nani?"

Asnath ni wakala wa simu, kibanda chake kinatazamana na nyumba ya mzee. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawaandikia wenye kamusi warekebishe. Jibu likaja: maneno matupu ya mwenye gari si ushahidi, tajeni habari iliyochapishwa.

"Kwa hiyo mimi sijui gari langu liliko?"

"Unajua, Baba Advera. Ila hujachapishwa."

Hayo yangeishia hapo, lakini Advera naye akayaona. Advera huyu alikuwa akipiga simu Krismasi na Pasaka, basi. Siku hiyo alipiga akilia.

"Baba, unaumwa na unanificha! Wewe uliache Pijo porini? Huo si uzima."

"Mwanangu, gari liko uani hapa, zima kabisa."

"Baba, lisemwalo lipo."

Asnath akamtumia picha ya gari uani. Advera akasema hiyo ni ya zamani. Jamani, iliuma! Mtoto wa kumzaa mwenyewe anaamini mtandao, baba yake hamwamini.

Ila tangu siku hiyo alipiga kila jioni. Umekula nini, baba? Magoti je? Mwanzoni mzee alijibu kwa mkato, bado ana hasira. Baadaye akaanza kuoga mapema na kuikalia simu tayari. Zamani alikuwa anatafuna michembe ya jana, viazi vikavu vya kuchemsha, amesimama jikoni. Sasa akawa anapika ugali na kisamvu cha karanga, apate cha kujibu. Wakaongea habari za kwaya inayoimba ovyo, wakaongea habari za Recheli, ambaye tangu msibani walikuwa hawajamtaja. Nyumba ikawa na watu wawili.

Lakini mzee ni mkaidi, na uongo ule ulimkaa rohoni. Asnath akamtafutia mtangazaji wa redio. Wenceslaus akampakia kwenye Pijo mpaka Isikizya na kurudi, honi njia nzima. Habari ikawekwa kwenye tovuti ya redio, na wenye kamusi wakakubali yaishe: gari zima, linatembea, mmiliki yuko Tabora. Asnath alivuka barabara akipiga vigelegele.

Jioni Advera akapiga, anacheka. "Baba, kumbe kweli! Nisamehe. Nilikuwa silali. Sasa roho yangu imetulia."

"Afadhali, mwanangu."

Kesho yake alipika kisamvu, akakaa na simu mapajani. Haikulia. Keshokutwa yake pia. Akadhani mtandao unasumbua, akamwomba Asnath ampigie ajaribu. Ikaita vizuri tu. Mwishowe akapiga mwenyewe. "Baba, niko kazini, nitakupigia," Advera alisema, na hakupiga. Si mtoto mbaya. Mwenye baba mzima, mwenye gari zima, ana haraka gani?

Siku zikapita hivyo. Asubuhi moja mzee akavuka barabara.

"Shikamoo, Baba Advera."

"Marahaba." Akasimama kibandani kama mtu aliyesahau alichotumwa. "Asnath, wale watu wa mtandaoni. Tukiwaambia yale maneno yao ya kwanza ndiyo yalikuwa sahihi, watayarudisha?"

Asnath akaangua kicheko. "Baba Advera kwa utani!"

"Sitanii, mwanangu," Wenceslaus alisema. "Siku hizi hakuna anayeniuliza kama nimekula."